Nilifundishwa na Niliyemfukuza

Nimechomelea vyuma hapa Chake Chake, Pemba, kwa zaidi ya nusu ya umri wangu. Mageti, mikokoteni ya ng'ombe, fremu za baiskeli, matangi ya maji, na kila kilichovunjika kikaletwa gereji kimefungwa kwa mpira. Kazi nilifundishwa na ami yangu, naye alifundishwa na mwingine, na katika sisi hapakuwa na aliyewahi kufungua kitabu cha ufundi. Tulikuwa na miwani myeusi, mkono usiotetemeka, na jicho. Chuma kikipata moto hukueleza chenyewe kilipofika: kwanza wekundu wa giza, kisha wekundu wa damu, kisha rangi ya chungwa. Nilizijua hatua zote hizo vizuri. Watu walinisifu kwazo, na mimi sifa nilizipenda kuliko inavyomfaa mja.

Naandika kwa sababu nadhani wapo mafundi wenzangu walioko pale nilipokuwa, Wete, Mkoani, Tanga, hata Mombasa, wanaoamini kwamba kisichoonekana kwa jicho la fundi hakipo. Sina cha kuwakemea. Nataka tu nisimulie yaliyonipata, na namna rehema ilivyonijia kwa mkono wa mtu ambaye sikustahili hata salamu yake.

Nilikuwa na kijana wa kufundishwa, mzaliwa wa Kojani. Alikuwa mwepesi wa kazi ila aliuliza sana. Kwa nini tunapasha hapa kwanza? Kwa nini chuma hiki kimepinda kilipopoa? Nilimjibu vile nilivyojibiwa mimi: tazama mkono wangu. Siku moja akaja nahodha wa boti ya kununulia samaki, na mkono wa usukani wa mashine yake umevunjika. Ulikuwa wa aluminiamu. Nikauweka juu ya meza, nikawasha mtungi wa gesi, nikawa nautazama ubadilike rangi. Haukubadilika. Nikasogeza moto. Bado mweupe vile vile. Halafu ghafla ukaporomoka wote, ukadondoka chini kama tui, na mbele ya mwenyewe sikubaki ila na kipande cha mshikio.

Yule kijana akauliza, kwa adabu kabisa, kwa nini chuma hugeuka rangi na hii haikugeuka. Nahodha akacheka. Nikamwambia kijana achukue viatu vyake aondoke, na asirudi. Akaondoka. Jioni ile mke wangu aliniambia nimemdhulumu mtoto wa watu. Nikanyamaza, nikala.

Swali lake lilikuwa na jibu, na jibu lenyewe si refu. Aluminiamu huyeyuka kwenye nyuzi 660 za Selsiasi. Kwa joto hilo chuma kingekwisha kuonyesha wekundu, lakini aluminiamu hutoa mwanga hafifu mno, na katika mchana wa jua letu huoni kitu. Tena juu yake ina utando mwembamba wa oksaidi ambao hauyeyuki mpaka kiasi cha nyuzi 2,050. Kwa hiyo ndani madini yamekwisha kuwa maji, na nje utando bado umeyashikilia kama yalivyokuwa. Jicho nililojivunia lilikuwa linatazama ganda. Mimi hayo sikuyajua, na sikutaka kujua kwamba sikuyajua.

Miaka ikapita. Nilisikia kijana ameingia kituo cha mafunzo ya amali cha Vitongoji, kisha amevuka kwenda Dar es Salaam, chuo kikuu, anasomea uhandisi wa mitambo. Kila nilipolisikia jina lake nilibadilisha mazungumzo. Wivu ulikuwemo, siufichi, na hofu pia, maana mtu uliyemdhulumu ukisikia amepanda, humwogopi yeye, unaogopa siku ya kukutana naye.

Siku hiyo ilikuja baada ya Idi. Alisimama mlangoni mwa gereji na mfuko wa halua mkononi. "Shikamoo, fundi." Nikaitika marahaba kwa sauti ndogo. Akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa, mahali pake pa zamani, akauliza hali za watoto, akauliza bei ya gesi siku hizi, hakutaja lolote la nyuma. Kisha akaniomba kitu. Katika masomo yake alikuwa akishughulika na kuunganisha madini kwa msuguano, bila moto wala umeme wa kuchomelea, na kazi yake ilikuwa kuiga kwa kompyuta jinsi joto linavyosambaa na jinsi madini yanavyotiririka yanapounganishwa. Hesabu alikuwa nazo. Alitaka kuona kwa macho. Je, angeweza kutumia mashine yangu ya kerezo?

Nilikubali, na nia yangu haikuwa safi. Nilitaka nimwone akishindwa.

Alichukua nondo mbili za aluminiamu za unene wa milimita 16. Moja akaibana kwenye taya zinazozunguka, ya pili akaibana kwenye kichwa cha nyuma cha mashine. Akaniomba niiwashe, kisha nizunguishe gurudumu la nyuma mpaka nyuso za nondo zikutane, nikandamize kwa nguvu zote. Kelele kubwa, harufu ya mafuta yaliyoungua, na pale zilipogusana pakatokeza ukosi mdogo wa madini. Tukazima. Nondo zilikuwa zimeshikana. Nikaipiga nyundo moja ikakatika, nami nikacheka kama nahodha alivyonicheka mimi.

Yeye hakuona haya. Aliokota vipande, akavitazama vilipokatikia, akanionyesha. Ukingoni palikuwa na duara la madini yaliyoraruka, ishara kwamba pale paliungana kweli. Katikati mistari ya kisu cha kerezo ilikuwa bado inaonekana vile vile nilivyoikata. Ukingo uliungana, lakini kiini hakikuguswa. Nikasema aluminiamu hiyo ni mbovu. Akasema pengine, akafungua laptopu yake.

Hapo ndipo mambo yangu yalipoanza kugeuka, ingawa wakati huo niliona usumbufu tu. Aliniuliza mashine inazunguka mara ngapi kwa dakika. Nikasema mkanda uko puli ya tatu. Akauliza ninakandamiza kwa nguvu kiasi gani. Nikasema ya kutosha. Kwa muda gani? Mpaka iive. Hakunicheka. Alisema kompyuta haitakubali kwenda mbele mpaka kila kimoja kati ya hivyo kiandikwe kwa tarakimu, na tukikosa tarakimu ya hakika tuweke ya kukisia, lakini tuiandike, ili tukikosea tujue tumekosea wapi. Nilikaa kimya kitambo. Kazi yangu yote ilikuwa imesimama juu ya makisio ambayo sikuwahi kuyataja hata kwangu mwenyewe.

Tukahesabu mizunguko, ikaja kiasi cha 1,200 kwa dakika. Akanionyesha kwamba kwa mwendo huo ukingo wa nondo yetu unakwenda karibu mita moja kwa sekunde, na kadiri unavyoingia ndani mwendo unapungua, mpaka kwenye kiini chenyewe ambako ni sifuri. Nimeendesha kerezo miaka mingi, na sikuwahi kufikiri kwamba katikati ya nondo inayozunguka kuna mahali pasipokwenda. Pasipo mwendo hapana msuguano, na pasipo msuguano hapazaliwi joto. Joto la kiini lote linatoka ukingoni, linasafiri kuingia ndani. Katika aluminiamu safari ya milimita nane huchukua kama sekunde moja. Katika chuma ingechukua mara kadhaa ya hiyo.

Akaniandikia pia mlinganyo mmoja ambao mpaka leo umebandikwa ukutani kwangu. Joto linalozaliwa kwa sekunde hutokana na shinikizo, kiasi cha msuguano, mwendo wa mzunguko, na nusu kipenyo kikizidishwa chenyewe kwa chenyewe mara tatu. Maana yake nondo ikiwa nene maradufu, kwa shinikizo lile lile na mzunguko ule ule, joto linakuwa mara nane. Kwa nondo yetu, tulipokisia shinikizo la megapaskali 30, ambalo kwa unene ule ni kama kuibebesha kilo 600, joto lilitoka kiasi cha wati 1,200. Nguvu ya pasi moja ya umeme, imekusanyika mahali padogo kuliko sarafu.

Kompyuta yenyewe haifanyi miujiza. Inaikata nondo kwa mawazo katika vichumba vidogo vidogo, na kwa kila kichumba inauliza: joto gani limeingia kutoka kwa jirani, gani limetoka, gani limezaliwa humu humu, gani limebaki? Inasogeza saa mbele kwa sehemu ndogo ya sekunde, inauliza tena. Kanuni ya joto kusafiri aliichapisha Mfaransa Joseph Fourier mwaka 1822, zamani sana kabla ya kompyuta. Madini yaliyolainika inayachukulia kuwa uji mzito sana, ambao uzito wake hupungua joto likizidi na ukikorogwa kwa kasi. Ni mamilioni ya maswali madogo ambayo mtu mmoja angeweza kuyafanya kwa kalamu, lau angepewa umri wa Nuhu.

Likizo yake yote alikuja gereji. Mimi skuli niliiachia kati, na hesabu nilizisahau. Nilivaa miwani ya kusomea nikaketi kando ya mtu wa umri wa mwanangu, ananifundisha kusoma alama za hesabu huku wateja wakipita na kututazama. Nilikasirika mara nyingi, na kila nilipokasirika alinyamaza mpaka nikamaliza, kisha akaendelea pale alipoishia. Hata umeme ulitusaidia. Kabla ya 2010 Pemba ilikuwa ikitegemea majenereta ya dizeli ya Wesha, na nani angeachia kompyuta ihesabu usiku kucha kwa umeme ule? Tangu waya ulazwe chini ya bahari kutoka Tanga, kwa msaada mkubwa wa Norway, angalau tuliweza kulala tukaamka tukakuta jibu. Si kila siku.

Majibu ya mwanzo yalikuwa ya kipuuzi. Tuliiambia kompyuta izungushe nondo kwa sekunde 30, ikatupa nyuzi 900 na ushei, na aluminiamu ya joto hilo ingekuwa imekwisha kumwagika sakafuni. Mie nikaona hii ndiyo fursa yangu, nikasema, unaona? Akakubali kwamba jibu ni baya, akaniuliza nadhani limekosea wapi. Tangu nizaliwe hakuna mtu aliyewahi kuniuliza nadhani hesabu imekosea wapi. Nikafikiri. Nikamwambia kwamba kila nikikandamiza, gurudumu la nyuma huwa gumu mwanzoni kisha hulegea, kana kwamba nondo inateleza. Na taya za mashine baadaye huwa za moto hata huwezi kuzishika.

Aliruka kutoka kwenye ndoo. Tulikuwa tumeiambia kompyuta kwamba msuguano ni ule ule mwanzo hadi mwisho, na tulisahau kabisa kwamba taya zinakunywa joto. Kwa kweli madini yakipata moto hulainika, yakilainika msuguano hupungua, na joto linalozaliwa hupungua nalo. Mambo hujizuia yenyewe chini ya kiwango cha kuyeyuka. Ndiyo maana huitwa kuunganisha bila kuyeyusha: aluminiamu inalainika kwenye nyuzi 400 hadi 500, inatiririka, na haigeuki maji hata kidogo. Tukasahihisha. Tukatoboa tundu nyembamba kwenye nondo isiyozunguka, tukaingiza waya za kupimia joto, tukalinganisha. Kompyuta na nondo hazikusema neno moja, lakini zilikuwa zinazungumzia kitu kimoja.

Ndipo ilipokuja picha ninayoikumbuka zaidi. Alitia ndani ya hesabu vidoa vidogo vya kuwakilisha ule utando wa oksaidi, ili tuone vinakwenda wapi. Vya ukingoni vilisukumwa nje pamoja na madini laini, vikaishia kwenye ukosi, ambao fundi huukata akautupa. Kumbe ndiyo kazi ya ule ukosi: kubeba uchafu kwenda nje ili madini safi yakutane na madini safi. Vidoa vya kiini vilibaki pale pale. Katikati hapana mzunguko, na mtiririko wa kwenda nje nao huanzia hapo kwa sifuri. Utando ulikuwa umekaa katikati ya nondo zetu kama ulivyokuwa, na hakuna jicho duniani ambalo lingeuona bila kuivunja nondo.

Dawa yake nilikuwa nayo mkononi, na hilo lilinitoa machozi, sijui kwa nini. Kama kiini hakitiririki kwa sababu nyuso zote mbili ni bapa, basi uso mmoja uchongwe uwe na koni ndogo, ili kiini kiguse kwanza, kikandamizwe peke yake, kisukume utando wake nje kabla ukingo haujafika. Kuchonga koni ni kazi ya dakika chache kwenye kerezo. Kompyuta ikajaribiwa, vidoa vya kiini vikaondoka karibu vyote. Tatizo la pili lilikuwa kwamba kerezo langu halisimami ghafla. Viwandani mashine hufungwa breki papo hapo, kisha nondo hukandamizwa mara ya mwisho kwa nguvu zaidi, lakini langu lilikuwa likiendelea kuzunguka na kukirarua kiungo kikiwa bado laini. Nikashauri tusiisimamishe ile inayozunguka, tuiachie ile nyingine izunguke nayo. Nikatengeneza kibanio kinachofunguka kwa pigo moja. Tukaunganisha tena, kwa koni na kibanio kile. Tulipoibana nondo hiyo kwenye jiliwa na kuikunja, ilikunjika pembeni ya kiungo, na kiungo chenyewe kikabaki.

Usiku ule nilimwomba radhi. Nilikuwa nimeandaa maneno mengi, yakatoka mawili matatu. Akasema alishanisamehe zamani, na kwamba kule chuoni, kila wenzake walipoogopa kugusa mashine, yeye hakuogopa kwa sababu ya mwaka aliokaa kwangu. Sikuwa na la kujibu. Nilimfukuza kwa swali jema, naye akalirudisha na jibu lake, na halua juu yake.

Baadaye nilianza kuuliza mwenyewe, na mengi yalinishangaza. Kuunganisha kwa msuguano si jambo la jana. Mmarekani J. H. Bevington aliliandikia hataza mwaka 1891, na aliyelionyesha kuwa la kutegemewa kazini, mwaka 1956, ni fundi mitambo wa Kisovieti, A. I. Chudikov. Fundi, jamani. Mwaka 1991 taasisi ya uchomeleaji huko Cambridge, Uingereza, ilikuja na namna mpya ya Wayne Thomas na wenzake: pini ngumu inayozunguka huzamishwa kwenye mpaka wa mabati mawili ya aluminiamu, inatembezwa, inayakoroga pamoja nyuma yake. Huko Norway, kabla miaka ya 1990 haijaisha, walikuwa wakiunda kwa njia hiyo mabamba ya boti za kasi. Hesabu ya namna hii ya pili ni ngumu zaidi, maana madini huzunguka pini upande mmoja na kuwekwa nyuma yake, na pini ikitembezwa haraka mno au baridi mno huacha handaki ndani ya kiungo, juu pakiwa laini pazuri. Nalo hilo jicho halilioni.

Yaliyonigusa zaidi yalikuwa kwenye pipa langu la vyuma chakavu. Vali za injini, nimezitupa maisha yangu yote. Nyingi za kutolea moshi hutengenezwa kwa vyuma viwili tofauti, kichwa kinachostahimili moto na shina linalostahimili msuguano, vilivyounganishwa kwa njia hii hii. Nikachukua moja nikaigeuza juani, nikatafuta kiungo. Sikukiona.

Kama wewe msomaji ni fundi na umechoka na maswali ya kijana wako, sisemi lolote juu yako. Nakueleza tu kwamba programu za kuigia mambo haya zipo za bure, laptopu ya kawaida inaweza kuhesabu nondo ndogo, na lililonichelewesha mimi halikuwa hesabu. Bado sijui hesabu nyingi. Vijana ninaowafundisha sasa huandika kwenye daftari mizunguko, muda na nguvu kabla ya kuwasha mashine, na binti mmoja kati yao ananishinda kusoma zile picha za joto.

Kwa sasa tunahangaika na shaba na aluminiamu, kwa ajili ya vichwa vya waya za umeme. Shaba hupitisha joto vizuri zaidi, kwa hiyo joto hukimbilia upande wake. Aluminiamu ndiyo hulainika na kutoka nje, shaba haibonyei. Tena zikikaa kwenye moto kwa muda, hujitengeneza kati yao tabaka gumu linalovunjika kama kioo, na lazima tumalize kabla halijanenepa. Kijana wangu, sasa ni mhandisi lakini mimi bado namwita hivyo, ametuma vipimo vipya kutoka Dar juzi. Kompyuta inataka muda mfupi na nguvu kubwa kuliko kerezo langu linavyoweza, basi nimeanza kutengeneza mkono mrefu wa kukandamizia, na koni safari hii naichonga upande wa shaba.